Bahasha Zilizonukia Tangawizi

Sista hakuwa sista wa kanisani, wala hakuwa dada wa mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili katika zahanati moja ndogo ya Shauri Moyo, na mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia wauza mitumba mpaka walinzi wa mageti. Jina lake kamili lilikuwa limeandikwa mlangoni pa chumba chake, lakini mtu fulani alikuwa ametundika kalenda juu yake, na yeye hakuona sababu ya kuiondoa.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya tisini, chuo kikuu kiliponituma kwake. Nilikuwa na digrii mbili, viatu vya visigino, na imani kwamba Eastlands, upande huo wote wa jiji, ilikuwa imekaa miaka yote hiyo ikinisubiri nije kuipima. Mradi wetu ulikuwa na jina refu ambalo kwa ufupi lilisema kwamba watafiti na watoa huduma ya afya ya akili watafanya kazi pamoja. Profesa, mkuu wangu, alilipenda sana hilo neno "pamoja". Alilitamka katika kila kikao, halafu akanituma mimi peke yangu.

Siku ya kwanza Sista alinitazama kuanzia viatuni, akapanda polepole mpaka usoni, akarudi viatuni.

"Umetoka chuo?"

"Ndiyo, Sista."

"Umekula?"

Nikasema nimekula. Nilikuwa nimekunywa soda. Akaniambia nikae, akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi ya kumtoa mtu machozi, akanikatia nusu ya kiazi kitamu chake. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Aliniita Chuo. "Chuo, sogeza hicho kiti." "Chuo, shika huyu mtoto, mamake anadungwa sindano." Nilinuna kwa wiki mbili, halafu nikajikuta naitika.

Fomu zetu zilikuwa na kurasa tisa za maswali. Yeye alikuwa na maswali mawili. La kwanza ni hilo la kula, na alimwuliza kila mtu, mgonjwa na mzima. La pili alimwuliza yeyote aliyemleta mgonjwa: "Nani analala karibu na yeye?" Akiambiwa ni mama, au mke, au kaka, aliandika kitu kidogo kwenye daftari lake na mabega yakashuka. Akiambiwa hakuna, alifunga daftari na kuangalia dirisha.

"Dawa ninazo," aliniambia siku moja. "Lakini mtu wa kumsikia mwenzake akianza kuongea peke yake, huyo sina kwa kabati."

Kazi yake hasa ilikuwa kutembea. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri alivua sare, akavaa rinda la maua na leso, akabeba kiondo chenye dawa chini na sukuma wiki juu, akaenda kuwaona wagonjwa majumbani mwao. Nami nilimfuata na karatasi zangu, visigino vikinaswa kwenye kila ufa wa mtaa.

Hakuna siku alikwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Kwanza aliingia nyumba ya jirani, akanywa chai. Halafu nyumba ya jirani mwingine, akanywa chai tena na kusikiliza habari za mkwe mvivu. Ndipo aingie kwa mgonjwa, dakika chache tu, halafu nyumba ya nne, chai. Nilipomwuliza, alinitazama kwa huruma.

"Nikiingia kwa mgonjwa peke yake, kesho wapangaji wa ploti yote wanajua ni kwa nini."

Kwa hiyo hakuna aliyejua. Kuna mama mmoja aliyeamini kwamba Sista anauza vyombo. Mwingine alikuwa na hakika kwamba ni mweka hazina wa chama cha mazishi, na kila akimwona alianza kujitetea. Fomu yangu ilitaka niandike muda wa kila ziara, nami, kwa kuwa nilikuwa mwaminifu kupita kiasi, niliandika: mgonjwa, robo saa, majirani, saa mbili. Profesa alizungushia zile saa mbili wino mwekundu, akauliza ni za nini. Nikalipeleka swali lake Shauri Moyo.

"Mwambie ni za yule wa robo saa," alisema Sista.

Na hiyo robo saa yenyewe ilikuwa na ufundi wake. Hakumwuliza mtu kamwe kama amemeza dawa. "Ukimwuliza atasema ndiyo. Hata wewe ungesema ndiyo." Badala yake aliketi, akajipepea kwa leso, akasema, "Naomba maji. Vikombe viwili." Kimoja akakishika yeye, cha pili akakisukuma mbele ya mwenye nyumba. Akaweka kidonge mezani bila kukitazama, akanywa maji yake kidogo kidogo, akaanza hadithi ya bei ya mafuta taa. Watu wetu hawawezi kumwacha mgeni anywe peke yake. Ni aibu. Basi mgonjwa alihangaika, akatazama kikombe, akatazama kidonge, na kabla mafuta taa hayajapanda bei mara ya pili, kidonge kilikuwa kimeshuka. Niliona jambo hilo mara nyingi sana, na kila mara nililiona ni uchawi.

Mtu aliyemtesa Sista na kumfurahisha kuliko wote alikuwa Fundi. Alitengeneza majiko ya makaa katika vibanda vya mafundi wa jua kali pale Shauri Moyo. Alikuwa amefika miaka arobaini hivi, mkewe alikuwa amerudi kwao zamani, ndugu zake walikuwa magharibi huko hawaandiki barua, na yeye aliishi peke yake katika chumba kimoja. Alipokuwa mzima, hakuna aliyemshinda kwa majiko. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago kule Ukambani, kwa hiyo najua kidogo kusoma mkono wa fundi, na mkono wa huyu ulikuwa mzuri mno.

Jiko la makaa, kama ujuavyo, lina mlango mdogo chini, wa kuingiza hewa na kutolea majivu. Fundi alipoanza kuugua, aliingiwa na wazo kwamba kuna watu wanaochungulia kupitia mlango huo. Basi akaanza kuupunguza. Wiki hii mlango unapungua kidogo, wiki ijayo unabaki tundu la kupitisha kidole, na hatimaye anatoa majiko yasiyo na mlango kabisa, imara, yanayong'aa, yasiyoweza kuwaka hata ukiyaombea.

"Mimi si mgonjwa, Sista," alilalamika. "Ni vile tu customer hawaelewi mambo ya security."

Sista alipita vibandani kila asubuhi akienda kazini, akatupia jicho majiko yaliyopangwa kando ya barabara. "Milango imeanza kuwa midogo," alinitangazia akivua koti, nami wiki za kwanza sikujua anaongea habari gani. Jioni hiyo hiyo alikuwa kwa Fundi, vikombe viwili mezani. Zahanatini Fundi hakuja hata siku moja. Alifika mpaka getini, akatazama ule mlango mdogo uliokatwa ndani ya geti kubwa, akageuka akaenda zake.

Sitaki mtu afikiri kwamba nasimulia habari za mtakatifu. Sista alikuwa na hasira za karibu. Alimpiga marufuku mhubiri mmoja kukanyaga zahanati kwa sababu alimwambia mgonjwa mmoja atupe dawa akaombewe, kisha Sista mwenyewe akafunga kula siku tatu akimwombea mgonjwa huyo huyo, na akatusumbua sote kwa njaa yake. Na huyu mama, aliyejua kumezesha dawa mtaa mzima, hakumeza zake. Alikuwa na shinikizo la damu. Daktari alimwandikia vidonge, yeye akavificha ndani ya mkebe wa sukari. Nilipovikuta nikitafuta sukari, nilimgombeza.

"Mimi sina presha," alinijibu. "Nina wagonjwa."

Sasa nije kwenye bahasha, maana ndiyo sababu hasa ninamkumbuka hivi.

Utafiti wetu ulitaka kujua jambo moja: je, kumtembelea mgonjwa nyumbani kunamsaidia kuliko kumngoja zahanatini? Mkubwa wa zahanati zote za upande ule, bwana mwenye suti ya kijivu, tayari hakupenda safari za Sista. Alitaka muuguzi akae kitini aonekane. Lakini alikubali kungoja matokeo yetu.

Profesa akaniletea sanduku la bati lenye kufuli, limejaa bahasha za kaki zilizogundishwa vizuri na kupewa namba. Ndani ya kila moja kulikuwa na karatasi iliyoandikwa NYUMBANI au ZAHANATI. Mgonjwa akiandikishwa, unafungua bahasha inayofuata, na hiyo ndiyo huduma atakayopata kwa miezi sita. Hakuna anayechagua. Sanduku lilibaki chumbani kwa Sista, pamoja na ufunguo, kwa kuwa Profesa alisema ushirikiano ni kuaminiana.

Nilimweleza Sista kwa makini.

"Yaani ni kama kura ya chama," alisema. Alikuwa katika chama cha akina mama kumi na wawili waliopokezana mchango kila mwezi kwa zamu, na zamu hupangwa kwa kura.

"Ndiyo kabisa, Sista. Kama kura ya chama."

"Kwetu chamani," akasema, "aliye na mtoto hospitalini tunampa kwanza. Kura au bila kura."

Nilicheka. Nilipaswa kuliandika neno hilo kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani, lakini nilicheka na kunywa chai yangu.

Na chai ilikuwa nyingi miezi ile. Birika la Sista halikutoka kwenye jiko lake la makaa. Kila asubuhi nilikuta mvuke umejaa chumbani mpaka kalenda ya mlangoni ilianza kujikunja, naye akinikaribisha kwa furaha. Nilidhani amenizoea. Niliandika hata kwenye ripoti yangu kwamba uhusiano kati ya watafiti na watoa huduma unazidi kuimarika.

Miezi sita ikaisha. Tukakusanya fomu, Profesa akafanya hesabu zake, tukaitana zahanatini: Profesa, mkubwa wa suti ya kijivu, Sista na mimi. Profesa alisoma matokeo kwa sauti iliyozidi kupungua. Waliotembelewa nyumbani walikuwa na hali mbaya kuliko waliokuja wenyewe. Walirudi hospitalini mara nyingi zaidi. Walilala kidogo, walikula kidogo. Ukisoma karatasi ile bila kumjua Sista, ungedhani anapita mtaani akigawa wazimu.

Mkubwa alifurahi, na hakuficha. "Basi safari zimekwisha. Kuanzia mwezi ujao, Sista anakaa ofisini."

Sista akauliza, "Na Fundi?"

"Fundi yupi?"

"Wa majiko. Hawezi kuja hapa."

"Atakuja kama wengine," alisema mkubwa, akafunga kalamu yake.

Nilijua kinachokuja. Mlango utapungua, utakuwa tundu, utaisha, na siku moja mtu atakwenda kununua jiko asimkute mwenye kibanda. Na pamoja na Fundi kulikuwa na wengine waliokuwa wakingoja Jumanne na Alhamisi. Na karatasi iliyowaondolea siku hizo ilikuwa na mwandiko wangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa Profesa chuoni mlango ulipogongwa. Akaingia Sista, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika jengo lile, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, mkononi ameshika birika. Akaliweka juu ya meza ya Profesa, katikati ya vitabu.

"Profesa, nimekuja kukuonyesha mashine."

"Mashine gani?"

"Kumbe uko na birika la stima hapo? Hata afadhali. Liwashe."

Profesa, maskini, akaliwasha. Maji yalipochemka, Sista akaomba bahasha, akaomba igundishwe mbele ya macho yetu, akaishika juu ya mvuke, akahesabu mpaka ishirini, akaifungua bila kuichana hata kidogo. Akatoa karatasi, akairudisha, akaigundisha tena, akampa Profesa. Profesa akaenda kabatini, akavuta faili ya bahasha zetu za miezi sita, akachukua moja, akainusa. Akachukua nyingine.

"Tangawizi," alisema.

"Sikumwaga chai ndipo nichemshe maji," alieleza Sista. "Ilikuwa kazi mbili kwa makaa hayo hayo."

Sijawahi kumwona mtu msomi akiwa mwekundu hivyo. Alimwuliza kama anajua ameharibu kazi ya miezi sita. Alimwuliza kama anajua anaweza kufutwa kazi. Sista alisimama wima akayapokea yote.

"Nimeharibu," alisema. "Kila niliyemwona hana mtu, au amezidiwa, nilimtafutia ile karatasi ya nyumbani. Wenye afadhali niliwapa ile ingine. Kwa hivyo waliotembelewa walikuwa wagonjwa zaidi kutoka siku ya kwanza, na hiyo ni mimi nilifanya. Niandike unavyotaka. Nifutwe. Lakini ile karatasi ya kusema kutembelewa ndiko kunawaharibu, hiyo uichane, Profesa, kwa sababu si kweli."

Nilimwonea fahari, na wakati huo huo nilitamani kumrushia lile birika. Chai yote ile niliyokunywa!

Profesa alikaa. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo, na hakupenda uongo uitwe kwa jina lake. Aliichana. Alimwandikia mkubwa kwamba kumetokea kasoro katika mpangilio, bila kutaja birika, na kwamba itabidi kurudia. Mkubwa akatoa miezi sita mingine, kwa shingo upande, akisema ndiyo ya mwisho.

Safari hii bahasha zilikuwa nene, na sanduku likalala nyumbani kwangu, mtaa wa Umoja, chini ya kitanda. Sista alitakiwa aape kwa Biblia kwamba hatagusa bahasha wala hatawatembelea wagonjwa wa ZAHANATI. Kabla ya kuapa, alinigeukia.

"Chuo, sasa ni lazima wengine niwaache? Miezi sita?"

"Ndiyo, Sista. Tusipowaacha hao, hatutaweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba safari zako zina maana. Zitafutwa zote."

Aliweka mkono juu ya Biblia. Kisha akaapa.

Bahasha ya Fundi niliifungua kwa mkono wangu mwenyewe, Sista akiwa ameketi mbele yangu. ZAHANATI. Nikiri hapa: kama ningekuwa na birika dakika ile, ningelitumia. Sista aliichukua karatasi, akaisoma kana kwamba ni ndefu, akasema "Sawa." Akatoka kwenda kuleta chai, akakaa huko muda mrefu, akarudi bila chai.

Alishika kiapo. Nilimfuata kama kivuli kwa miezi sita, na sikumwona akiingia nyumba ya mgonjwa hata mmoja wa ZAHANATI. Mwisho wake hesabu zikafanywa tena, na safari hii zilisema alichokuwa akisema yeye: waliotembelewa walikuwa na nafuu. Haikuwa nafuu kubwa ya kushangaza, lakini ilionekana, na mkubwa wa suti ya kijivu alikosa njia ya kuipinga. Safari za Jumanne na Alhamisi zikabaki. Nililia chooni, kisha nikanawa uso.

Kitu kimoja tu kilimshangaza Profesa. Fundi hakukanyaga zahanati hata siku moja, hana mke, hana ndugu, hakutembelewa, na bado alimaliza miezi sita akiwa mzima, anauza majiko. Profesa alimpigia mstari. "Hawa wapo," alisema. "Mtu hupona kivyake." Nami niliendelea kuwafundisha wanafunzi wangu hivyo, mwaka baada ya mwaka: daima kutakuwa na mmoja atakayepona kivyake, msimshangilie, msimpuuze.

Nilikwenda kumwona Sista mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Alikuwa amestaafu na kuhamia mtaa wa Lucky Summer, vyumba viwili na kibaraza cha mabati. Nilikuwa nimesikia kwamba alilazwa kwa ajili ya ile presha asiyokuwa nayo. Nilibeba mkate na sukari. Nilikuwa navaa viatu vya chini siku hizo.

"Umekula?" aliuliza kabla sijavuka kizingiti.

Alikuwa amepungua, na mguu mmoja ulikuwa umevimba, lakini alinitazama kuanzia viatuni kama zamani na safari hii akaridhika. Alipika chai kwa jiko la gesi. Ndipo nilipoona ukutani, kwenye rafu ndefu ya mbao, majiko ya makaa yamepangwa mstari mmoja, mapya, hayajawahi kuwashwa. Nikayahesabu kwa mazoea ya kazi. Kumi na matatu.

Niliusoma ule mstari kutoka kushoto. Manne ya kwanza yalikuwa na milango mizuri. La tano, mlango ulikuwa umepungua. La sita, tundu la kidole. La saba halikuwa na mlango kabisa. La nane lilikuwa nao, umekaa upande. Kuanzia la tisa milango ilirudi, mmoja baada ya mwingine, mpaka la mwisho, ambalo hata baba yangu angelipongeza. Kila wiki mbili, kwa miezi sita. Katika maisha yangu yote ya utafiti sijapata kuona rekodi nzuri kama ile.

"Sista. Ulimtembelea."

"Sikumtembelea. Nilienda kununua jiko."

"Majiko kumi na matatu?"

"Niko na familia kubwa," alisema mwanamke aliyeishi peke yake.

"Na hili la saba?"

Akalitazama. Uso wake ukabadilika. "Hilo nilimwambia limekosea, alianze tena. Nikakaa kungoja. Nilikaa siku tatu, Chuo, baada ya kazi. Vikombe viwili."

Nilikasirika kweli, hata sauti ikapanda. Fundi alihesabiwa upande wa wasiotembelewa! Kila alivyozidi kupona, ndivyo alivyozidi kuziharibia safari zenyewe. Tungeshindwa kwa sababu yake, na wote wangeachwa. Je, hakuliona hilo?

"Nililiona," alisema. "Sikulala. Lakini wale wengine wa bahasha ile kila mmoja alikuwa na mtu wa kulala karibu, nilihakikisha. Yeye alikuwa na nani? Alikuwa na bahasha."

Niliwafikiria wanafunzi wangu wote niliowaambia kuhusu mtu aliyepona kivyake. Nikavuta pumzi, nikatazama mguu wake uliovimba, na swali likanitoka lenyewe.

"Na wewe, Sista? Nani analala karibu na wewe?"

Nyuma ya ukuta, chumba cha jirani, nyundo ilikuwa ikigonga bati. Ikanyamaza. Mlango wa jirani ukafunguliwa, miguu ikaja, na akaingia Fundi, nywele zimeanza mvi. Alikuwa amehamia chumba hicho cha jirani, na kibanda amekihamishia mtaa wa karibu wa Baba Dogo.

"Chuo! Niaje? Umepotea sana," alisema, kisha akamgeukia mwenye nyumba kwa adabu. "Sista, nimekuja tu kuangalia jiko."

Akashusha moja kutoka rafuni, akalizungusha, akagonga kitako chake mara mbili kwa kidole. Halikuwa na kasoro yoyote. Akalirudisha, akaketi, akajipepea kwa kofia.

"Kuna joto leo. Naomba maji," alisema. "Vikombe viwili."

Sista alinitazama kama mtu anayeomba kuokolewa. Mimi nikatazama mabati ya paa. Fundi akaleta maji mwenyewe, akamsukumia kikombe kimoja, akaufungua mkebe wa sukari bila kuuliza, akaweka kidonge mezani. Kisha akanywa kidogo, akaegemea kiti, akaanza kutueleza jinsi mafuta taa yalivyopanda bei.

Sista akatazama kidonge. Akatazama kikombe cha Fundi, kilichokuwa kimefika nusu.

"Wewe Chuo," akasema, "hii usiandike."

Akameza.